Saa Zangu Zilizotangazwa Mazikoni

Mwalimu Boadu ndiye aliyenishauri niache kuficha cha juu. Kabla ya hapo nilifanya kama mafundi wote wa Konongo: namwambia mteja rangi ni sedi mia tatu, dukani nalipa mia mbili na hamsini, na mwenye duka ananiandikia risiti ya mia tatu. Mwaka jana mama mmoja alikwenda mwenyewe dukani kuuliza bei. Akanitukana sokoni mbele ya watu, na kwa miezi minne sikupata kazi ya maana.

Boadu ni rafiki yangu tangu darasa la tano, mwaka nilioacha shule. Yeye aliendelea. Alinikalisha kibarazani kwake akaniambia niseme wazi: juu ya bei ya vifaa naongeza asilimia kumi na tano, kwa sababu ni mimi ninayevifuata na kuvibeba, na kikiharibika ni mimi ninayekirudisha. Saa ya kawaida sedi arobaini. Ikipita saa kumi na moja jioni, sitini. Jumapili, themanini. Nilimwambia watu watanicheka. Alisema, "Ampong, watakaocheka ni wale waliozoea kukuibia."

Basi nikaanza. Wengi walicheka kweli. Lakini mmoja mmoja walianza kulipa, na jina langu likaanza kusafishika.

Kisha akafa mjomba wake, mzee Nsiah, na kwa mila yetu mpwa ndiye mrithi, yaani Boadu. Nyumba ya ukoo ilikuwa inatia aibu: mabati yanavuja, choo cha wageni hakina mlango, kuta hazijaona rangi tangu mzee akiwa na nguvu. Huwezi kuita ukoo mzima na watu wa mjini kwenye nyumba ya namna hiyo. Maiti ilikuwa mochwari, mabango ya maziko yamekwisha kubandikwa hadi stendi, na zilibaki wiki tatu. Boadu aliniambia nifanye kazi mchana, hata jioni na Jumapili, bei zangu anazijua. Sikumwandikisha kitu. Ningemwandikishaje mtu aliyezipanga bei hizo kwa mdomo wake?

Nilimchukua Fuseini, mwashi wa kutoka kaskazini, ambaye Jumapili kwake ni siku kama nyingine. Nilimwahidi sehemu yake ya Jumapili mara mbili, kama ninavyolipwa mimi. Tulifanya kazi hadi mikono ikachubuka. Ijumaa ya mwisho Boadu alinilipa vifaa pamoja na ile asilimia yangu, akalipa saa za kawaida zote, hata hakupunguza. Za ziada zilifika sedi elfu tatu mia saba na ishirini. Alisema tumzike mzee kwanza, Jumatatu tumalizane. Nikaona ni sawa.

Jumamosi nilivaa nguo nyeusi nikaenda. Nilikuwa na sedi hamsini za rambirambi mfukoni. Fuseini alikaa karibu nami chini ya turubai. Kwenye meza ya mbele karani anaandika michango, na mwenye kipaza sauti anasoma kila jina na kiasi chake, watu wanapiga makofi. Kila mtu anajua ni nani katoa nini. Ndivyo tulivyo.

Sikuwa nimesimama bado kupeleka hamsini yangu niliposikia jina langu.

"Fundi Ampong! Sedi elfu tatu mia saba na ishirini! Amesamehe saa zake zote za ziada, kwa heshima ya mzee wetu!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko aliyopigiwa mbunge. Mama mmoja nyuma yangu alinipigapiga bega. Fuseini alinitazama.

"Bosi, sikujua una pesa za kugawa. Na zangu umezisamehe pia?"

Niliinuka nikaenda hadi mezani. Nilimwambia karani, kwa sauti ya kawaida, afute, kwamba mchango wangu ni hamsini na hizo nyingine ni ujira ambao sijalipwa. Mwenye kipaza sauti hakukizima. Turubai lote lilisikia, na makofi yakafa.

Nana Asumadu, mzee mkuu wa ukoo, alimwita Boadu pale pale, akamuuliza kama tulikubaliana malipo ya saa hizo. Boadu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakunitazama.

"Nana, hakukuwa na makubaliano. Amenitumikia kama ndugu. Nadhani jua limemchosha."

Watu wakacheka. Nana akamwambia karani aache kama ilivyoandikwa. Karani akanikatia risiti ya mchango na kunishukuru kwa niaba ya familia. Ningeweza kupiga kelele. Lakini maiti ilikuwa pale, na mtu anayedai pesa mbele ya maiti ameshashindwa kabla ya kufungua mdomo.

Jumanne niliuza drili yangu kubwa nikamlipa Fuseini. Alizihesabu pesa mara mbili, akasema pole, na hajarudi kufanya kazi nami.

Alhamisi alikuja mfanyabiashara mmoja, anataka afungiwe geti jipya Jumapili. Nilimtajia bei. Akasema kwa Mwalimu nilifanya bure, yeye ana ubaya gani. Nilimwambia sikufanya bure, niliibiwa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenye kuwasema vibaya wafiwa, akaondoka.

Boadu alikuja wiki iliyofuata na chupa ya pombe kali ya shukrani. Alikaa bila kukaribishwa. Alisema fedha za ukoo ziliishia kwenye jeneza na turubai, na wazee walikuwa wameanza kumuuliza kama anastahili urithi. Aliongea kwa utulivu kabisa, kama anayenifundisha hesabu.

"Isitoshe, nimekupa jina, Ampong. Kabla ya Jumamosi nani alikuwa anakujua mji huu?"

"Wewe ulinijua," nilimwambia.

Alizungusha kifuniko cha chupa. Kisha akasema sinki la jikoni kule kwenye nyumba ya ukoo limeziba, kama naweza kupita nilitazame. Nilimwambia mafundi wako wengi Konongo. Nikamrudishia chupa yake, nikamfungulia mlango.