Msusi wa Wodi ya Wanawake

Nywele za mgonjwa wa kitanda cha dirishani zilikuwa zimefungana kama katani. Mama Chanuo alizianza nchani, kidogo kidogo, kidole kikitangulia chanuo kutafuta mahali panapouma.

"Nikikuumiza, useme."

Wiki nyingi mgonjwa alikuwa hasemi na mtu. Wauguzi walitaka kumnyoa, kwa kuwa hakuna ndugu aliyewahi kufika kumwona, na ni Mama Chanuo aliyewaomba wamwachie yeye.

Jina hilo alipewa humo wodini. Zamani alikuwa na saluni, na vichwa vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, vya maharusi na vya wafiwa. Mumewe alipofariki na mwanawe akahamia mbali, nyumba ikawa kubwa ghafla. Akawa anapika cha mtu mmoja na kukila hukohuko jikoni, wima, maana kukaa mezani peke yake kulimshinda. Siku moja alikwenda hospitali kumjulia hali jirani, akaviona vichwa vile visivyo na mwenyewe. Kesho yake akarudi na chanuo na kopo la mafuta. Hakuacha tena.

Alasiri hiyo mwanawe alikuwa amekuja na gari kumchukua, ahamie kwake moja kwa moja. Alizungumza naye kwa upole: chumba alichomtengea, wajukuu wanaomuulizia, vidole vyake vinavyovimba kila baridi ikiingia. Kisha ulimi ukamteleza.

"Mama, hao unawasuka leo, kesho hawapo. Nani atakukumbuka?"

Swali hilo lilimchoma Mama Chanuo. Akaomba apitie wodini, awaage tu.

Mstari wa mwisho wa msuko ulipofika kisogoni, aliufunga, akapaka mafuta, akaanza kukusanya vitu vyake huku akitafuta maneno ya kuaga. Mgonjwa aliinua mkono, akapapasa kichwa chake mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyohama zamani. Kisha akakitazama kitambaa alichojifunga Mama Chanuo kichwani.

"Na wewe," alisema, sauti ikikwaruza kwa kukaa bila kazi, "nani anakusuka?"

Mama Chanuo alicheka. Akasema msusi ndiye mwenye kichwa kibaya kuliko wote. Lakini tangu amzike mumewe, hakuna mkono wa mtu uliogusa kichwa chake.

"Kaa hapo chini, dada."

Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo kitandani, akafungua kitambaa. Mgonjwa akaanza kumsuka. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo. Akaufumua, akauanza upya. Machozi yalimtoka Mama Chanuo kimyakimya na hakuyafuta, asije akatikisa kichwa.

Muuguzi alikuja kumnong'oneza kwamba mwanawe yuko getini, anasema safari ni ndefu na jua linazama.

"Mwambie asinisubiri," alijibu. "Mwambie nitampigia. Wajukuu nitakwenda kuwaona, ila nitarudi."

Mstari wa tatu ulipofika katikati, vidole vililegea. Mgonjwa alikuwa amepitiwa na usingizi, mkono wake umezama nyweleni mwa mwenzake. Mama Chanuo hakusogea. Toroli la chakula likaja likigongagonga, likasita mbele ya miguu yake iliyonyooshwa, kisha likazungukia upande wa pili.