Goti la Darcy Kinnane

Kwa jina Lake Yeye aliyeumba mkono kabla ya kuumba cha kushikwa, amjuaye kila mja kwa jina hata pale wanadamu wanapomjua kwa namba, ndipo tunapoanza. Na kwanza tuwapange watu wetu, kila mmoja mahali pake. Wa kwanza ni Darcy Kinnane, mtu wa miaka ishirini na mitano, mkazi wa Corio, huku Australia, kibarua katika kiwanda cha kuku. Wa pili ni mama yake, Glenys. Wa tatu ni Raelene, mpangaji wa zamu kiwandani. Wa nne ni Fetu, Msamoa wa Melton, mbeba fanicha. Wengine watajitokeza wenyewe, nao hawakai.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ilitetemeka juu ya meza ya jikoni, kando ya sahani zilizokwisha kufungwa kwa magazeti. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Mwenye nyumba aliwaandikia barua ya adabu tupu, akiwapa hadi mwisho wa mwezi. Glenys alikuwa ameshapata kochi sebuleni kwa dada yake huko Ballarat. Kochi la mtu mmoja.

Darcy aliusoma ujumbe akiwa amesimama. ZAMU LEO SAA SITA. JIBU NDIYO.

"Ni wao?" mama akauliza. Alikuwa akimimina maji ya moto kwenye chupa ya chai, maana siku hizi birika lilichemshwa mara moja tu kwa siku, na hita ya sebuleni ilikuwa haijawashwa tangu mwezi wa tano uingie.

"Ni wao."

"Si uliomba ruhusa?"

"Niliomba."

"Basi waambie hao kuku wajining'inize wenyewe leo."

Darcy alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akapiga simu.

"Rae, mimi Darcy, wa kuning'iniza kuku."

"Darcy, mwanangu, jibu ndiyo tu nikanywe chai yangu."

"Leo ndiyo siku yangu ya majaribio. Nilikuomba wiki tatu zilizopita, pale dirishani kwako. Ukasema sawa."

"Nilisema. Sikatai kwamba nilisema." Sauti ya Raelene ikashuka. "Lakini juu hawakuipitisha, na mimi watu wanne wameniangusha kwa mafua. Una cheti cha daktari?"

"Siumwi, Rae."

"Basi jitahidi uumwe, au uje. Unajua mtu akikataa zamu jina lake linakwenda wapi."

Alijua. Jina lilishuka mwisho wa orodha, na kutoka huko chini hakuna aliyewahi kumwona mtu akipanda. Alikata simu, akachukua viatu vyake vya njumu, akavitia katika mfuko wa plastiki. Ule ujumbe hakuujibu.

Kwa muda wa miezi minane, kila Jumapili, Darcy alikuwa akijifunza mpira wa Kimarekani. Teke alikuwa nalo tangu utoto. Vijana wa huku hukua wakipiga mpira wenye umbo la yai kama wengine wanavyokua wakitupa mawe. Lililobaki lilikuwa jambo dogo kwa kulisikia na zito kwa kulitenda: kusimama yadi kumi na tano nyuma ya mrushaji aliyeinama, kuupokea mpira unaotupwa kati ya miguu yake, na kuupiga juu na mbali kabla watu wazito kumi hawajamfikia. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimegundua kwamba Waaustralia wanalijua teke hilo, vikawa vinatuma watu kuwachagua. Atakayechaguliwa alipewa miaka minne ya chumba, chakula na masomo. Darcy hakuwahi kumwambia mtu kwamba lile la kwanza ndilo lililomwondolea usingizi: chumba.

Treni ya saa tatu ilichelewa. Alifika uwanjani huko Sunshine akikimbia, na vijana wa miaka kumi na minane waliokuwa wakijinyoosha nyasini wakamlaki kwa vicheko.

"Babu kafika. Mpisheni babu."

"Babu, magoti hayajambo?"

"Magoti yangu yanawazidi umri nyote," Darcy akajibu, "nayo yana heshima kuliko ninyi." Wakacheka, akacheka nao, akaanza kufunga kamba za viatu kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kocha Trezise, aliyewahi kuchezea ligi kubwa na ambaye sasa alikuwa na nyonga ya chuma, alimshika bega. "Leo yupo mtu mmoja tu wa kuchagua, na ana nafasi mbili tu: mpigaji mmoja na mrushaji mmoja. Shusha mabega. Pumua. Usimtazame usoni."

Mtu huyo alikuwa Mmarekani aitwaye Dunleavy, mrefu, mpole wa sauti, mwenye koti jeusi na saa ya kupimia sekunde shingoni. Alisalimia kila mmoja kwa mkono. Akasema kila mpigaji atapata mipira kumi, na mrushaji wao atakuwa Fetu, ambaye naye yumo katika majaribio.

Fetu na Darcy walikuwa wamefanya mazoezi pamoja Jumapili zote thelathini na kitu. Mikono ya Fetu ilizoea makabati na mafriji ya watu, lakini mpira ulitoka humo kama uliopakwa mafuta, ukamfikia Darcy kifuani kila mara.

Mpira wa kwanza ulikaa hewani hata mbwa mmoja pembeni akaketi kuutazama. Wa pili ukaupita. Wa tatu ulipungua kidogo. Wa nne, wa tano, wa sita, yote ilikwenda yadi hamsini na zaidi, na vijana waliokuwa wakimwita babu wakaacha kuzungumza. Dunleavy alibonyeza saa yake, akaandika, akabonyeza, akaandika. Wa saba ulipotua, Trezise alitazama mbali kuficha uso wake. Wa nane ukaanguka palepale alipokuwa ameonyeshwa, hatua mbili kutoka mstari wa pembeni.

Dunleavy akamwendea Fetu, akainama, akamwambia neno sikioni, kisha akarudi mahali pake.

Wa tisa ulikuja chini. Haukumfikia kifua wala magoti. Uligonga nyasi mbele yake ukaruka upande kama sungura. Na hapo mwili wa Darcy ukafanya ulilofundishwa akiwa na miaka saba, katika uwanja wa matope nyuma ya shule, mama yake akiwa na filimbi mdomoni kwa kuwa baba yuko zamu: mpira ukija chini, weka goti nyuma yake, usikupite. Akapiga goti. Akauokota kwa mikono miwili, safi kabisa. Akainuka, akaupiga, nao ukaenda mbali kuliko yote minane.

Hakuna aliyeufuata kwa macho. Wote walikuwa wakitazama goti lake la kulia, lililokuwa na duara la tope.

Katika mchezo ule wa vyuo, aliyeushika mpira goti lake likigusa ardhi, mpira umekufa palepale, na wapinzani huuchukua hapo. Darcy alilijua hilo. Alilijua kama anavyojua jina lake. Aliandika kanuni ile kwa mkono wake na kuibandika mlangoni pa friji.

"Umekufa," Dunleavy akasema, bila ukali.

"Bado ana mmoja," Trezise akasema. "Alioupiga ni bora kuliko yote uliyoiona leo, bwana. Mwache amalize."

"Nimeona anavyopiga. Nilitaka kuona anavyofikiri mambo yakiharibika." Akafunga daftari. "Siku ya mechi pale ni mwisho wa mechi, na mwisho wa kazi yangu mimi."

"Mwaka ujao, basi."

"Mwaka ujao atakuwa na miaka ishirini na sita. Mkuu wangu huko hasaini zaidi ya ishirini na mitano." Akamgeukia Darcy, akampa mkono. "Asante kwa kuja, kijana. Nasema kweli."

Darcy akaushika mkono ule, akauachia. Alisema asante. Baadaye hakukumbuka kama alisema.

Kwenye jukwaa la stesheni Fetu alimkuta amekaa, mfuko wa viatu mapajani. Jitu lile la kilo mia na ishirini likasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu.

"Kaka, nina neno."

"Sema."

"Aliniambia niurushe chini. Alisema, uharibu mmoja, nimwone. Nikafikiri, nikikataa, nami ndiyo basi."

Treni ya mizigo ikapita, wakaingoja imalize.

"Wewe kakuchukua?" Darcy akauliza.

Fetu akatazama viatu vyake. "Ndiyo."

"Hongera."

"Usinipe hongera. Nitukane kidogo, itanisaidia."

"Kichwa kama friji wewe."

"Haitoshi hiyo, kaka."

"Ndiyo niliyo nayo." Darcy akasogea ili mwenzake akae. "Ningeambiwa mimi, Fetu, ningeurusha. Chini kuliko wewe."

Wakakaa bega kwa bega mpaka treni ya Geelong, ipitayo Corio, ilipoingia. Fetu alikuwa akingoja ya upande wa Melton. Alipunga mkono mpaka mabehewa yakaisha.

Saa tisa ilikuwa imepita Darcy aliposhuka Corio. Hakwenda nyumbani. Alitembea moja kwa moja hadi lango la kiwanda, harufu ya manyoya mabichi ikimjia kabla hajaliona paa, akapitisha kadi yake kwenye mashine ya lango. Taa nyekundu. Akapitisha tena, taratibu zaidi. Nyekundu. Akaenda dirishani kwa Raelene.

"Nipe nusu ya zamu iliyobaki," akasema. "Nipe kusafisha sakafu. Chochote, Rae."

Raelene alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, na siku nyingine alikuwa akiwagawia vibarua biskuti. Leo hakumtazama. "Wamekwisha kukuzima, mwanangu. Toka saa sita na robo. Mimi sikubonyeza kitu, mashine inabonyeza yenyewe." Akapitisha karatasi chini ya kioo. "Nisainie hii niipeleke."

Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Sababu ya kutofika kazini, weka alama katika kisanduku kimoja: ugonjwa, msiba, kukataa kazi.

"Nikiweka hapa pa tatu," Darcy akasema, "ofisi ya serikali ya posho za wasio na kazi itaninyima wiki nane. Nitakuwa sina kazi na sina posho, na ikifika tarehe thelathini na moja sina mlango."

"Weka ugonjwa."

"Utataka cheti."

"Watataka cheti," Raelene akakubali.

Nyuma ya Raelene, ndani, kengele ya mapumziko ililia, na vibarua wakaanza kutoka wakiwa na mabuti meupe na nyavu vichwani, wakijinyoosha viuno. Wawili watatu wakamwona Darcy dirishani, wakageuza macho, si kwa chuki. Hivyo ndivyo watu wanavyopita karibu na nyumba yenye msiba wasioujua.

Darcy akaichukua kalamu iliyofungwa kwa mnyororo. Akainama juu ya kizingiti cha dirisha, na chini ya vile visanduku vitatu akachora cha nne. Alikichora polepole, pembe zake sawasawa, ukubwa uleule wa vingine. Akatia alama ndani yake. Pembeni akaandika: Niliruhusiwa. Akasaini jina lake lote, akairudisha chini ya kioo.

Raelene akavaa miwani. Akaitazama karatasi muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji.

"Mashine haitaisoma hii, Darcy."

"Wewe umeisoma," akasema, akaiacha kalamu ining'inie kwenye mnyororo wake, akaondoka.

Ewe Mola usiyehitaji fomu ya mtu, wape makazi wanaofungasha sahani zao kabla ya mwisho wa mwezi. Uwape nguvu ya viuno waliobaki ndani ya kiwanda na wanaongoja kuitwa, na umwondolee Fetu uzito wa mkono wake huko ugenini. Na Raelene, aliyebaki dirishani na karatasi ile, umjaalie ulimi wa kushuhudia. Amin.