Kelele Huja Mwisho

Mimi ni mvulana wa miaka kumi na miwili. Nina nywele za buluu zilizosimama kama ufagio, nina kaptura yenye viraka, na nina joka liitwalo Ngurumo linalotoka ndani ya kadi nikiliita. Nina pia presha, mkwe mmoja asiyejua kukaanga yai, na meno ya juu ya bandia. Hayo matatu ya mwisho mvulana huyo, Cheche, hana. Ni yangu mimi, niliye sauti yake.

Ngoja nieleze polepole, maana jirani zangu wameshanisikia nikiliita joka bafuni na wakaamua nimechanganyikiwa. Kuna katuni ya televisheni, imetoka nchi za mbali, inaitwa Kadi za Mawingu. Watoto wa humo hawapigani ngumi, wanapigana kwa kadi. Mtu anainua kadi, anamwita kwa sauti mnyama aliyechorwa juu yake, na mnyama anatoka. Ukiita kwa nguvu anatoka mkubwa. Ukiita kwa woga kinatoka kitu kama panya aliyelowa. Sisi pale studio tunaitia maneno ya Kiswahili, na Cheche, shujaa wao, ni mimi. Msishangae. Wavulana wa katuni husemwa na wanawake, kwa sababu mvulana halisi ukimpa kazi leo, kesho kutwa sauti imevunjika na ana ndevu. Yangu imeshavunjika ilivyovunjika, haina tena pa kwenda.

Lakini ni siri. Mwongozaji wetu alinisihi tangu siku ya kwanza: watoto wasijue Cheche ni bibi kizee, utamu utawaishia. Nikaapa kwamba bibi huyu hatasema neno. Nami nikiapa nimeapa. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe, maana nyumbani kwangu kuna Chiriku.

Chiriku ni mjukuu wangu. Mama yake ni muuguzi, zamu zake hazieleweki, kwa hiyo mtoto analelewa kwangu, ghorofa ya tatu. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui mapumziko, isipokuwa Cheche anapoanza. Hapo anaketi chini, mikono juu ya magoti, kimya. Mimi nikimwambia ale mboga ni kama nimeuambia ukuta. Cheche akisema shujaa hula mboga, sahani inalambwa. Siku moja alinitazama kwa huruma akasema, "Bibi, laiti Cheche angekuwa anakaa hapa kwetu. Yeye ananielewa."

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, nalionea wivu koo langu mwenyewe! Mmeshawahi kusikia balaa kama hiyo?

Kitu kimoja tu changu alikitii: mwito wa jioni. Watoto wa jengo letu hucheza uwanjani chini, na saa ya kuoga ikifika natoka roshani, navuta pumzi mpaka kwenye kitovu, naachia: "Rudi nyumbaniiii, wee!" Chiriku anauacha mpira ungali hewani. Wala si yeye peke yake. Watoto wa jirani nao wanaokota kandambili zao, kwa kuwa mama zao walishakata shauri zamani kwamba mwito wangu unalitosha jengo zima.

Basi ikaja filamu. Si kipindi kifupi cha jioni, la, filamu ya sinema, ndefu, yenye rangi za kukutia kizunguzungu. Joka Ngurumo linatekwa na mchawi wa mawingu, na Cheche anapanda kulitafuta kwenye visiwa vinavyoelea angani. Nilipoonyeshwa kipande cha kwanza nilipiga makofi peke yangu kama mwehu. Mtoto yule nimemlea. Nimemchekea, nimemlilia, nimempigia hadi chafya zake. Leo anakwenda sinema! Nikajinunulia viatu vipya siku ileile.

Mwongozaji akaniita pembeni. Habari njema haisemwi pembeni, hilo nalijua.

"Mama Cheche," akasema, maana studio nzima huniita hivyo, "wenye filamu wanataka jina kubwa kwenye bango. Cheche atasemwa na Asali."

Asali! Yule mwimbaji! Kijana wa sauti ya kubembeleza, ambaye picha yake imebandikwa hadi kwenye mlango wa kinyozi wetu.

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa bibi yake Cheche. Anampa mjukuu kadi ya mwisho, halafu anafariki."

"Anafariki saa ngapi?"

Mwongozaji akatazama viatu vyangu vipya. "Mapema," akasema.

Nilikwenda chooni nikalia. Nasema wazi, nililia, tena kwa sauti ya Cheche, ndivyo ilivyotoka. Wala bango sikuliwaza. Nilimwona Chiriku ameketi sinema, Cheche anafungua mdomo, na humo anatoka mtu mwingine. Mtoto wangu angechukuliwa na mgeni, na mjukuu wangu angebaki anamshangilia huyo mgeni, mimi nimebakiwa na mboga.

Siku ya kurekodi Asali akaja amevaa miwani ya jua, ndani ya studio isiyo hata na dirisha. Shikamoo hakutoa. Akaniuliza kama mimi ndiye wa chai.

Sasa, kazi yetu ina sheria moja ambayo hata paka wa pale anaijua: kelele huja mwisho. Kwanza unasema maneno ya kawaida, halafu minong'ono, halafu vicheko na vilio. Makelele yote ya vita unayaacha mpaka jioni, kwa sababu yakishapita kooni, koo hilo halikufai tena hata kuitia teksi.

Asali akasugua mikono. "Tuanze na zile za kupiga kelele," akasema. "Ndizo tamu."

Fundi sauti akanitazama. Mwongozaji akatazama dari. Kijana ana jina, nani amguse?

Nilimwonya. Mbele ya Mungu, nilimwonya. "Mwanangu, kelele huja mwisho." Ila mimi, ambaye nikinong'ona jirani wa ghorofa ya chini anaitika, siku hiyo sauti ilinitoka nyembamba, nyororo, kama ya mtu aliyelazwa.

"Mama," akasema huku akivaa hedifoni, "mimi nimejaza viwanja vya mpira."

"Haya, baba."

Akaingia kwenye kile chumba kidogo cha kioo, mlango ukafungwa, sisi nje tukawa tunamsikia kwenye spika. Kelele ya kwanza, "Ngurumooo!", ilikuwa nzuri, sikatai. Ya pili nzuri. Lakini alikuwa anazipiga kwa koo, si kwa tumbo, na mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba za mzigo. Ya tano ikaja na mchanga ndani yake. Nikainuka kitini, nikaketi. Nikainuka tena. Shetani alikuwa begani ananiambia, nyamaza tu, bibi, nyamaza, Cheche anarudi nyumbani. Na karibu nimsikilize, siwafichi.

Lakini kijana yule naye ana mama yake mahali. Nikakimbilia kioo nikakipiga kwa viganja vyote viwili. "Acha! Kunywa maji! Kelele huja mwisho!" Safari hii kwa sauti yangu halisi, mpaka fundi sauti akashika masikio.

Nimesahau kitu gani? Nimefanya kazi pale miaka yote hiyo nikasahau kwamba kioo kile hakipitishi sauti! Asali aliona bibi kizee anarukaruka na kupunga mikono. Akadhani namshangilia. Akanipungia na yeye, akatabasamu, akavuta pumzi, akaachia kelele kubwa kuliko zote.

Ilitoka nusu. Nusu ya pili haikuja. Kilichosikika ni mlango wa kabati la zamani.

Akatoka ameshika shingo. "Maji," akasema, na sote tukageuka kumtafuta aliyesema. Ilikuwa sauti iliyochakaa, yenye mikwaruzo, inayopanda ngazi kwa kushika ukuta. Mimi niliwahi kuisikia. Marehemu mama yangu alikuwa nayo.

Daktari akasema kuimba asahau kwa sasa; kusema, kidogo kidogo, si vibaya. Mwongozaji akashika kichwa. "Bango limeshachapwa! Sinema wanasubiri! Asali yumo kwenye bango!"

"Bango linasema Asali yumo ndani ya filamu," nikasema. "Linasema yeye ni nani humo ndani?"

Wakalitazama bango ukutani. Picha yake, meno yake, jina lake kubwa. Halikusema kitu kingine.

"Basi mpeni sehemu ya bibi," nikasema. "Cheche nileteeni mwenyewe."

Fundi sauti alicheka mpaka kiti chake cha magurudumu kikaenda kugonga ukuta. Mimi nilimtazama Asali, nikijua sasa ataudhika na kuondoka. Akavua miwani. Kumbe mtoto tu! Macho makubwa, yamejaa maji.

"Shikamoo, Mama," akasema kwa ile sauti ya mlango. "Mimi nimelelewa na bibi. Naweza kumsema."

Nikaitikia, na nikamtengenezea maji ya tangawizi kwa mkono wangu mwenyewe.

Laiti mngeona! Mimi na umri wangu huu nimesimama mbele ya maikrofoni naomba, "Bibi, usiende, nani atanisubiri?" Na kijana mwenye misuli, aliyetobolewa sikio, ananiwekea mkono kichwani na kunijibu, "Mjukuu wangu, shika kadi hii. Siku utakayoogopa, ita kama unamwita mtu wako." Akafariki vizuri sana. Mwongozaji akatoka nje kwenda kupenga kamasi. Fundi sauti alifuta machozi kwa kile kitambaa cha kufunikia maikrofoni, na hakuna aliyemgombeza.

Kisha, mwisho kabisa, kama sheria inavyotaka, zikaja kelele zangu. Zote zilipita salama ila moja, ile kubwa, pale Cheche anaposimama ukingoni mwa kisiwa akiliita joka lake lililorogwa lirudi. Tuliandikiwa "Ngurumo, rudi!" Maneno yanaisha, mdomo wa mtoto bado uko wazi kama droo. Tukajaribu kuvuta, tukajaribu kurudia mara mbili, ikawa kama mnada.

"Niachieni," nikasema. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi mpaka kwenye kitovu. Ninamwita mtu wangu, nikajiambia, na kilichotoka kilitoka chenyewe.

"Rudi nyumbaniiii, wee!"

Mdomo na sauti vikakutana kama sufuria na kifuniko chake. Tatizo, meno yangu ya juu nayo yaliondoka. Yakaruka, yakagonga maikrofoni, ko!

"Tumeipata!" fundi sauti akapiga kelele. "Na hiyo ko naiacha, itakuwa radi!"

Siku ya filamu nilivaa viatu vyangu. Chiriku alishika pakiti ya bisi kubwa kuliko kichwa chake, akanipa masharti kabla hatujaketi: nisiulize maswali, nisisinzie, na nisiseme Cheche ana nywele chafu. Jengo letu lote lilikuwa limekuja, watoto wametapakaa safu hii na ile.

Taa zikazimwa. Cheche akafungua mdomo na nikatoka mimi. Bibi alipofariki, ukumbi mzima ulilia kwikwi, na nyuma yetu wasichana wawili waliokuja kwa ajili ya bango walikuwa wanaulizana, huku wakipenga kamasi, "Sasa Asali ni yupi?" Nikajibana mbavu.

Halafu kikafika kile kisiwa. Joka limejaa giza, limempa Cheche mgongo, linaruka kwenda zake. Cheche akainua kadi.

"Rudi nyumbaniiii, wee!"

Ko! ikapiga radi.

Chiriku akasimama. Akaweka bisi chini, akainama, akaanza kutafuta kandambili zake gizani. Safu ya mbele mtoto mwingine akasimama. Kule ukutani wakasimama mapacha wa ghorofa ya chini, na nyuma yao yule mtundu wa mlango wa pili, mkono tayari kwenye vifungo vya shati. Jengo letu lote lilikuwa limesimama, linakwenda kuoga.

"Kaeni chini!" watu wakafoka.

Watoto wakaduwaa. Wakalitazama pazia la sinema. Kisha, kimoja kimoja, vichwa vikaanza kugeuka kunitafuta mimi.

Chiriku alikuwa na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alimtazama Cheche. Akanitazama mimi. Akamtazama tena Cheche, ambaye sasa alikuwa analia shingoni mwa joka lake.

"Bibi," akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake akinong'ona. "Ni wewe?"

Mimi nikiapa nimeapa. Lakini niliapa kwamba bibi hatasema. Cheche hakuapa kitu.

"Kaa chini, shujaa," nikamwambia kwa sauti ya Cheche. "Hatujamaliza."

Hakukaa kwenye kiti chake. Alinipanda mapajani na ukubwa wake wote, magoti na viwiko, akanikaribia uso mpaka pua zikagusana.

"Kwa hiyo na zile mboga ni wewe?"

"Na mboga."

Akafikiri. Nilimwona akirudi nyuma, jioni baada ya jioni, roshani na televisheni, televisheni na roshani. Nilikuwa nimejiandaa aseme nimemdanganya, alie, anikimbie.

"Kumbe unanielewa," akasema.

Nikataka kumjibu, lakini alikuwa ameshaniziba mdomo kwa kiganja chenye chumvi ya bisi, kwa sababu filamu ilikuwa haijaisha.