Mungu Kapewa Sifuri

Abshir, mwalimu wa bayolojia mjini Garissa, hakuwa na ugomvi na Mungu. Swala tano hazimpiti. Lakini mitihani nayo ina balaa lake. Swali lilisema: "Eleza maana ya nadharia ya uumbaji. Alama mbili." Idil akaandika maneno mawili tu: "Ni kweli." Abshir akampa sifuri, akaendelea kunywa chai yake.

Sasa, kati ya wasichana wote wa darasa lile, ilibidi awe Idil, mdogo wake Ilwad! Na Ilwad ndiye ambaye Abshir alimpenda mpaka usingizi ukamruka. Posa ilikuwa ipelekwe Ijumaa. Kufika jioni mji mzima ulishajua kwamba mwalimu kampa Mungu sifuri. Watu hawana kazi, wallahi.

Kesho yake akaitwa soko la mifugo. Baba yao wasichana, Warsame, dalali wa ngamia, alikuwa amekaa kibandani na wazee wenzake wakinywa chai. Kwake mambo yote ni Kisomali. Kiswahili hukitoa akiwa na kesi tu, na p yake hutoka b.

"Mwalimu, ni wewe umemba Mungu sifuri?"

Abshir akasikia "umeumba". Jasho likamtoka.

"Adeer," akasema, akimwita ami kwa heshima ya Kisomali, "mimi sijaumba kitu chochote."

"Nani amesema kuumba? Nasema kumba. Kama kumba mbuzi maji."

"Ah, kumpa! Adeer, sikumpa Mungu, nilimpa Idil. Swali halikuuliza anaamini nini, liliuliza maana. Nikikuuliza ngamia ni nini, ukasema 'ni wangu', utakuwa umenijibu?"

"Nimekujibu la muhimu."

Warsame akamtaka ataje jibu la kitabu.

"Ni nadharia isemayo kwamba viumbe vyote viliumbwa na Mungu."

"Na wewe, unaona ni kweli?"

"Kweli kabisa, Adeer."

"Basi Idil ameandika hayohayo, kwa ufubi."

Wazee wakacheka mpaka chai ikamwagika. Warsame akavua shali yake, akaufunika mkono wa Abshir, kama madalali wafanyavyo wanapopatana bei kwa vidole ili watu wasione. Akamfinya vidole viwili: alama mbili. Abshir akakunja ngumi: hatoi kitu. Akafinywa kimoja. Ngumi. Ncha ya kidole, yaani nusu alama. Hapo akamfikiria Ilwad, roho ikamuuma, nusura alie. Lakini wanafunzi wengine walipata walichoandika, hakuna aliyefinyiwa kidole. Akakunja ngumi tena.

Warsame akautoa mkono, akajitupia shali yake begani.

"Wanangu wa kiume wangetoa zote mbili kabla chai haijaboa," alisema. "Binti yangu akiolewa na mkono huu, mali yake haibotei. Ijumaa lete wazee wako."

Abshir akashusha pumzi, akaanza kushukuru.

"Lakini mahari," Warsame akasema, akiweka ngumi yake mezani, "nasahihisha mimi."