Kilele cha Wazee wa Madale

Adelard alipochomoa panga kwenye karatasi la dukani, na panga lenyewe bado lina mafuta ya kiwandani, Avelina alishangaa kidogo. Watu wapande mlima usio na njia kwa miaka mitatu, halafu panga wanunue jana? Lakini yeye ndiye aliyeomba kuletwa, ataanzaje kuuliza habari za panga? Akakaza kamba za raba zake akanyamaza.

Na si yeye peke yake aliyekuwa amenyamaza. Tangu gari aina ya Noah inatoka Madale alfajiri, wanaume wale watatu walikuwa kimya kama watu wanaopelekwa polisi. Mbele Thuwaini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tegeta, ndiye dereva na ndiye mwenye gari. Pembeni yake Adelard, karani mstaafu wa benki, mwenyekiti. Nyuma, karibu na Avelina, mwalimu Nikodemu, ambaye alikuwa anakula kucha. Wote wamevaa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni WAZEE WA KILELE.

Zamani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Erasmus, mwalimu mwenzake Nikodemu na mume wa Avelina. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliondoka na wenzake kwenda kupanda mlima Kihembe, kule mbele ya Kisarawe, na jioni akarudi nyumbani na miba kwenye soksi na maneno mengi mdomoni. "Mama Hope, ukisimama kule juu, bahari yote hii hapa," alikuwa akisema, huku anamfungulia kiganja. "Mwezi ujao nakupeleka." Mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu alipoanguka bafuni na presha yake, akafa kabla gari halijafika.

Siku ya arobaini, wageni wameshiba na wazee wanatafuta fimbo zao, Avelina alisimama. "Mie sina kubwa," alisema. "Nataka shemeji zangu wanipeleke pale juu aliposimama mume wangu. Niione hiyo bahari." Kuanzia siku ya mazishi hilo ndilo jambo pekee alilokuwa analitaka duniani.

Adelard angeweza kusema mengi. Angeweza kusema shemeji, magoti yako. Lakini mbele ya watu wote wale, padri yumo, akapiga kifua: "Hilo tu, shemeji? Hesabu limekwisha!" Thuwaini alipaliwa na soda. Avelina akadhani ni uchungu wa msiba, masikini.

Basi, chini ya mlima palikuwa na kibanda cha mama mmoja anayeitwa Yuliana, anauza chai na kuchoma nyama. Alipowaona alifurahi kama kaona ndugu, akampa pole Avelina, kisha akawatazama wanaume wanaingia kwenye majani na panga lao.

"He! Leo mnavuka bonde?" akauliza.

"Yuliana, tutaongea tukirudi," Adelard akasema haraka.

"Bonde gani?" Avelina akauliza.

"Ni salamu zao tu za huku, shemeji. Twende, jua litatukuta."

Salamu? Avelina alizaliwa bara lakini ameishi Dar miaka kumi na tisa, na salamu ya kuvuka bonde hajawahi kuisikia. Aliwafuata akiwa na maswali matatu kichwani na hajui aanze na lipi.

Mlima Kihembe, kwa wasioujua, si mlima wa kutisha. Ukiuona kutoka barabarani unaweza ukaudharau. Ubaya wake ni vichaka. Vimefungamana kuanzia chini mpaka juu, miba juu ya miba, na hata ng'ombe hapiti. Adelard alifyeka hatua kumi, akasimama, akafuta jasho.

"Hapa tunaenda kushoto," akasema.

"Kulia," akasema Nikodemu.

"Wallahi mimi nadhani tunyooke," akasema Thuwaini.

Avelina akawatazama mmoja mmoja. "Jamani, kwani mlikuwaga hamji pamoja?"

"Pamoja, shemeji, pamoja kabisa," Adelard akajibu. "Ila mvua, unajua tena. Mvua za mwaka huu zimebadilisha mlima."

Mvua ibadilishe mlima! Lakini mjane wa watu alikubali, kwa sababu alikuwa anataka kukubali. Wakaenda kushoto. Dakika ishirini hazikupita, Thuwaini akapiga yowe, akaanza kujikuna shingo, mikono, tumbo, anarukaruka kama ana majini. Ameingia kwenye upupu, na upupu wenyewe umetanda mahali pote pale, si wa kufichika. Avelina alimmwagia maji ya kunywa na kumpaka matope, huku anawaza. Mtu apite hapa mara thelathini na kitu, asijue upupu ulipo?

"Shemeji Thuwaini, Erasmus naye alikuwa anapata huu upupu?"

"Erasmus?" Thuwaini akamwangalia Adelard. "Erasmus alikuwa anaukwepa. Mjanja sana, Mungu amrehemu."

Wakaendelea. Kuna wakati walikuwa wanapanda, kuna wakati Avelina aliona kabisa kwamba wanashuka, akasema, akaambiwa kuna kushuka kunakopandisha. Saa nne na nusu wakakuta kijiti kimekatwa, kibichi, utomvu unatoka.

"Wapo watu wametutangulia!" Nikodemu akasema kwa furaha. "Tuwafuate."

Wakawafuata kwa bidii sana. Mbele wakakuta kijiti kingine, na kingine, na mwisho wakakuta matope na chupa tupu ya maji ambayo Avelina mwenyewe alikuwa ameiacha pale kwenye upupu. Avelina alihisi kichwa kinazunguka. Alikuwa hajui mashariki wala magharibi, hajui kama amechoka au ana hasira, na lililomtia wasiwasi zaidi ni kwamba watu hawa watatu walikuwa wamepotea kuliko yeye.

"Tunyooke," Thuwaini akasema tena, anajikuna, na safari hii wakamsikiliza.

Walinyooka kwa muda mrefu. Mara vichaka vikaachia, mwanga ukawapiga usoni, wakajikuta juu ya jiwe kubwa, pana, jeupe, lenye ufa katikati. Avelina akalitazama lile jiwe. Analijua! Analiona kila siku ukutani sebuleni, kwenye picha: Erasmus kasimama kwenye ufa uleule, mikono ameitandaza, nyuma yake mbingu tupu.

"Tumefika!" akapiga kelele. "Jamani, si ndio hapa? Ndio hapa!" Akaenda akasimama kwenye ufa, akatandaza mikono, machozi yanamtoka kwa furaha. Akapiga kigelegele. Kisha akageuka kuitafuta bahari.

Nyuma yake kulikuwa na bonde. Ng'ambo ya bonde, Mlima Kihembe umesimama wote mzima, haujaguswa. Na upande wa pili, chini kidogo, hatua kama hamsini, akaliona paa la bati la kibanda cha Yuliana, moshi unatoka. Pale miguuni kwake kulikuwa na mkaa wa zamani, vizibo vya soda, na mifupa ya mbuzi.

Mikono ikamshuka yenyewe. "Sielewi," akasema. "Nyie, sielewi. Mbona mlima uko kule?"

Adelard alifungua mdomo, na nadhani alikuwa anatafuta tena habari za mvua. Nikodemu akamwahi. "Basi, Adelard. Inatosha." Akakaa juu ya jiwe kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Shemeji, hatujawahi kufika. Hata siku moja. Hata Erasmus."

"Erasmus amefika. Mwenyewe aliniambia."

"Ile siku ya kwanza tulijaribu, vichaka vikatushinda. Tukarudi hapa, tukachoma nyama, tukapiga picha, tukaenda zetu. Hatukuwa na nia ya kumdanganya mtu. Sasa Erasmus akatangulia kufika nyumbani."

Thuwaini akaendelea yeye. "Ukamuuliza, umefika? Alituambia alikuwa hajaingia hata mlangoni, nawe unamwangalia kwa namna ambayo hujamwangalia siku nyingi. Ikamtoka tu, nimefika. Ukapiga vigelegele, shemeji. Ukawapigia simu wake zetu! Mimi nakanyaga kwangu, nakuta mke wangu Khairiya keshanipikia pilau ya pongezi. Ningemwambiaje?"

"Kila mwezi alikuwa anasema leo tupande kweli, tumalize huu uongo," Nikodemu akasema. "Tukifika hapa, jua kali, nyama imeiva. Anaelekeza mkono, bahari itakuwa kule. Halafu analala. Alikuwa amechoka, shemeji. Tuition za alfajiri, tuition za jioni. Analala hapo kwenye ufa mpaka saa tisa."

Avelina hakujua afanye nini na maneno hayo. Alitaka kucheka, alitaka kumrushia mtu jiwe. Alikuwa amekuja kusimama aliposimama mumewe, na hakika kabisa amesimama, kwenye mifupa ya mbuzi. Angerudi nyumbani na nini? Akalichukua panga mkononi mwa Adelard.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Juu."

"Shemeji, kule hakuna njia!"

"Kwani nyie mlikuwa mnaijua ipi?"

Akashuka bondeni, akaanza kufyeka. Alikuwa amelima migomba ya mama yake mpaka alipoolewa, na mkono ulikuwa haujasahau. Wakamfuata, wangefanyaje? Walipokezana panga, walikatwa na miba, fulana ya Adelard ikabaki nusu kwenye mti. Hakuna aliyesema kushoto wala kulia. Walikuwa wanaangalia tu wapi panapanda, wanapanda huko, na saa nane kasoro Avelina akapiga hatua akakuta mbele panashuka. Akageuka kulia, panashuka. Kushoto, panashuka.

"Ndio hapa," Nikodemu akasema kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu, tumefika."

Ilikuwa miti mitupu. Miti mbele, miti nyuma, majani yamefunga kila upande. Bahari haikuwepo, barabara haikuwepo, hata lile jiwe jeupe halikuonekana. Thuwaini alipanda tawi la kwanza la mti akachungulia, akashuka akitikisa kichwa. Adelard akatoa simu ili apige picha, akamwona Avelina uso, akairudisha mfukoni.

"Erasmus!" Avelina akaita, na wale watatu wakashtuka. "We Erasmus, muongo mkubwa! Bahari iko wapi? Nionyeshe basi! Miaka mitatu nakuchomolea miba kwenye soksi, napiga vigelegele kama mwehu, mtaa mzima unanicheka! Ungesema tumeshindwa, ningekufukuza? Ungesema mke wangu nimechoka, naomba nilale, ningekunyima kitanda? Mie ningekunyima? Sema!"

Akanyamaza. Ndivyo walivyokuwa wakigombana miaka kumi na tisa: yeye anafoka mpaka mwisho wa pumzi, kisha anakaa kimya, mkono kiunoni, ili Erasmus naye ajitetee. Na Erasmus huanza polepole, "Sasa Mama Hope..." Alisubiri. Wanaume watatu wakasubiri pamoja naye, na hakuna aliyethubutu kumjibia. Akasubiri tena, sikio amelitega, amempa muda mrefu kuliko alivyowahi kumpa. Ndipo akaelewa kwamba hatajibiwa, leo wala kesho, akakaa chini kwenye majani akalia.