Gitaa Lililochunwa Rangi

Lloyd aliuza gitaa lake la besi wiki ile ile ziwa lilipofungwa kwa wavuvi, na tangu hapo hakutulia.

Hakuna aliyemlazimisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Akipiga nyimbo mbili tatu kanisani, kidole kidogo na cha pete vilikuwa kama vya mtu mwingine, na bega likawaka moto. Yeye alikuwa fundi wa injini za boti pale Kashikishi, na kwa fundi mkono ndio shamba. Daktari wa kliniki alimwambia apumzike. Mkewe Ireen akamwambia, kwa Kibemba chao cha nyumbani, "Ba shi Chisomo, kitu kinachokuumiza unakitunza cha nini?" Ba shi Chisomo, yaani baba yake Chisomo, aliinua macho akalitazama gitaa ukutani, bluu kama boti mpya, akaona kila linavyong'aa ndivyo linavyomcheka.

Akamuuzia mama mmoja Mkongomani, Débora, aliyekuja sokoni na unga wa mihogo kutoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Mama huyo hakusema mengi. Alilipima kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo ya gitaa, akaguna, akalipa. Kisha akalifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akapanda nyuma ya baiskeli ya kukodi. Lloyd alirudi nyumbani akijiona mwepesi.

Wepesi wenyewe haukufika Jumapili.

Ziwa likifungwa ili samaki wazae, Kashikishi nzima hubaki mikono mitupu. Nyavu hukunjwa, boti hupinduliwa mchangani, na injini hazina pa kwenda hata kuharibika. Lloyd alishuka ufukweni, akarudi. Akaenda sokoni, akarudi. Akikaa kula, vidole vya kulia vilipiga besi ukingoni mwa meza mpaka sahani zikalia. Kanisani alisimama nyuma, na kila kwaya ilipofika mahali pa besi kuingia, goti lake liliruka peke yake.

"Umekuwa kama kuku anayetaka kutaga," Ireen alimwambia. "Hebu kaa chini."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi, na umesimama?"

Alikuwa amesimama kweli.

Ndipo Patson, yule kijana mwenye baiskeli aliyembeba Débora, alipomkuta barabarani akamwambia kama habari ya kuchekesha, "Ba Lloyd, gitaa lako yule mama analichuna kama sungura. Rangi yote inatoka."

Lloyd hakucheka. Rangi ile aliipaka mwenyewe. Alilinunua gitaa likiwa limechakaa, limebanduka rangi, kwa bendi moja ya baa iliyovunjika, akalipaka bluu ya boti tabaka juu ya tabaka, kuanzia kichwani mpaka mkiani, shingo pia. Watu walikuwa wakilisifu kabla hajagusa hata uzi mmoja. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Halafu akaazima pikipiki ya jirani.

Barabara ya Mantapala ilikuwa tope jekundu, na mvua ilimkuta kati ya mashamba ya mihogo. Njia nzima alitunga sababu ya safari yake, na alipofika hakuna hata moja iliyosimama. Débora alikuwa chini ya turubai mbele ya nyumba, mahali ambapo mumewe Apollinaire, fundi seremala, hutengenezea milango na vitanda. Juu ya benchi lililala gitaa. Nyuzi zilikuwa zimetolewa, shingo imefunguliwa, na nusu ya mwili ilikuwa mti mtupu wenye rangi ya chai ya maziwa.

"Jambo, papa Lloyd," Débora alisema. "Karibu. Ulikuja kutafuta nini?"

"Niko napita tu, mama." Lloyd alijifunza Kiswahili kwa wachuuzi wa Kilwa ya Kongo wanaovuka ziwa, naye alikitumia kama chombo cha kuazima, kwa uangalifu.

Apollinaire hakuinua kichwa. "Hapa mutu hapite tu. Njia inaishia hapa."

Lloyd akalisogelea benchi. Vumbi la bluu lilikuwa limejaa chini kama unga. "Juu ya nini unatoa rangi yangu?"

"Rangi yako?" Débora aliendelea kusugua. "Uliniuzisha gitare pamoja na rangi yake."

"Ilikuwa rangi muzuri."

"Ya mutumbwi, ndiyo, muzuri sana. Lakini mutumbwi hatuushikake na kidole gumba siku muzima." Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua ile shingo, akampa. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa, mwingine bado bluu. "Pitisha mukono. Kwanza hapa. Sasa hapa."

Lloyd akapitisha. Juu ya bluu, kiganja chake chenye jasho kilishika na kukwama, kama mtu aliyegusa ulimbo wa kutegea ndege. Juu ya mti mtupu kiliteleza mpaka mwisho bila kuombwa. Akarudia. Akarudia tena, polepole.

"Ile rangi haikauke kabisa," Débora alisema. "Mukono ikitoka jasho, inakamata. Na wewe, kusudi usikwame, unafinya. Unafinya wimbo muzima, unafinya misa muzima. Vidole vitakosa kufa ganzi namna gani?"

Lloyd akapitisha kidole tena juu ya bluu. Alihisi joto likimpanda masikioni. Miaka yote alidhani ni umri, au mitetemo ya injini, au baridi ya maji ya ziwa. Kumbe huenda maumivu yenyewe aliyapaka kwa brashi yake, akayasifia.

Apollinaire alikuwa amechukua tupa na kuanza kula ukingo wa juu wa mwili wa gitaa, pale mkono wa kulia unapolala.

"Usikate," Lloyd alisema haraka.

"Hakate. Anapunguza. Huu ukingo ulikuwa unaniuma mukono," Débora alisema, akamwonyesha alama kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. "Na huku nyuma atachimba kidogo, mbavu zipate nafasi. Kintu cha kubeba saa nyingi, lazima kikubali mutu."

Lloyd akaketi juu ya mbao. Akainuka. Akaketi. Mwisho akaokota kipande cha msasa, akaanza kusugua upande uliobaki bila kuombwa, kwa nguvu, kulia na kushoto.

"Fuata nyuzi za muti, papa," Apollinaire akamwambia. "Hapa hauko unasugua sufuria."

Akafuata nyuzi za mti, kama zilivyolala kwa urefu. Mvua ikapiga turubai, vumbi la bluu likamwingia puani na kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza tangu ziwa lifungwe mikono yake ilikuwa na kazi. Aliporudi nyumbani Ireen alimtazama uso ule wa bluu, akamletea beseni la maji.

Siku zilizofuata alikwenda tena, na tena. Kila mara alisema anapita tu, na Apollinaire hakuchoka kumweleza habari ya njia. Walipofika kwenye vanishi, hali ya hewa iliwakatalia. Msimu ule wa mvua, kitu kilichopakwa asubuhi bado kilinata jioni. Débora aliutundika ule mwili wa gitaa kwa waya chini ya paa, akasema usiguswe na mtu. Lloyd alikaa chini yake kama paka chini ya samaki anayekaushwa. Alitazama kando, akatazama juu. Halafu akainuka, akaigusa kwa kidole gumba kimoja tu, taratibu, kuona kama iko tayari.

Haikuwa tayari. Alama ya kidole ilibaki katikati ya vanishi, kubwa, na mistari yake yote.

Débora alikuja akaiona. Akaisogelea, akaipima kwa jicho mstari kwa mstari.

"Papa Lloyd. Miye niko hapa miaka yote hii, nangoja. Nangoja chakula, nangoja karatasi, nangoja habari za kwetu. Weye unashindwa kungoja vanishi?"

"Nisamehe, mama."

"Chukua msasa."

Alisugua tena sehemu ile mpaka ikawa sawa, na Débora akapaka upya. Safari hiyo Lloyd alikaa siku kadhaa bila kukanyaga Mantapala, na hizo ndizo zilizomshinda Ireen. Lloyd alitengeneza mlango uliokuwa mzima. Alihamisha mabanda ya kuku, akayarudisha. Ireen mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa jirani kuomba pikipiki.

Lloyd alipofika Mantapala alilikuta gitaa limekamilika. Lilikuwa na rangi ya mti wake, kingo zimelainika, na shingo nyuma haikuwa na kitu ila mafuta kidogo. Mkanda mwembamba wa zamani ulikuwa umetupwa. Débora alishona mwingine kwa kitenge, mpana kama kiganja, ndani amejaza vipande vya blanketi. Alilivaa juu, karibu na kifua, si chini kwenye nyonga kama Lloyd alivyokuwa akilivaa tangu ujana wa bendi za baa ili aonekane mwanamume. Akaliunganisha kwenye amplifaya ndogo ya betri, akapiga.

Hakupiga mengi. Sauti chache za chini, zilizokaa kila moja mahali pake, na mkono wake wa kushoto ulikwenda na kurudi kama mtu anayepapasa shavu la mtoto aliyelala. Apollinaire aliacha randa. Débora alipomaliza alilivua akampa Lloyd.

"Jaribu. Lakini liache juu, pale pale."

Lloyd alipiga wimbo mmoja, akasubiri ganzi. Haikuja. Akapiga wa pili na wa tatu, zile nyimbo za kwaya alizokuwa akizimaliza ameuma meno. Kidole kidogo kilikuwa chake. Bega lilinyamaza. Mvua iliacha, ikaanza tena, na yeye alikuwa bado akipiga. Alipolivua alilishika kwa mikono yote miwili, hakulirudisha.

"Mama Débora, niuzishe. Nitaongeza juu ya bei yako."

"Hapana."

"Sema bei, weye mwenyewe."

"Kwetu Pweto nilikuwa na gitare," Débora alisema. "Lilikuwa ku ukuta. Siku ile ya vita tulikimbia na mulango wazi, na miye nilibeba sufuria. Njiani nikasema, nitapata lingine. Nimekaa miaka mingi nangoja lingine." Alinyoosha mikono. "Lete."

Lloyd akalileta.

Njia ya kurudi aliiendesha pikipiki vibaya, akaanguka mara moja kwenye tope. Sasa ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Mwanzo alikosa kitu kilichomuumiza. Sasa alikosa kitu kilichomfaa. Akaanza kutafuta. Aliuliza kijijini Kafutuma, akaambiwa lipo moja, akakuta ni ngoma. Aliuliza makanisani, akauliza kwenye baa za ufukweni. Hatimaye mtu wa Mofwe alimwambia kwamba kule Mwansabombwe yuko mzee Jairos, aliyewahi kuongoza kwaya, ana besi nyuma ya magunia ya mahindi.

Lilikuwa baya kwa macho. Lilipakwa nyeupe nzito kama mlango wa hospitali, ufunguo mmoja wa kukazia uzi ulivunjika ukawekewa nati, na panya walikuwa wameonja mkanda. Wakati mwingine Lloyd angecheka akaondoka. Lakini hakutazama rangi. Alikaa kwenye kigoda, akaliweka mapajani, akasikiliza linavyolala. Akafumba jicho moja, akatazama kando ya shingo kuona kama imepinda. Ilikuwa imepinda, kidogo tu, ya kurekebishika. Akalining'iniza kwenye mkono aone kama kichwa kinavuta chini. Hakikuvuta. Lilikuwa jepesi kuliko lile la kwanza.

"Wengine huuliza kwanza kama linaimba," mzee Jairos alisema.

"Hilo nitasikia baadaye, mukwai," Lloyd alijibu kwa heshima. "Kwanza nataka kujua kama litanikubali."

Alilinunua, akalichuna mwenyewe, juu ya benchi lake la injini, akifuata nyuzi za mti. Chini ya nyeupe kulikuwa na kijani, chini ya kijani mti mweupe wenye fundo jeusi. Ukingo aliupunguza kwa tupa. Likiwa na vanishi mbichi alilitundika ndani ya chumba cha kuhifadhia nyavu, akamwambia Ireen afunge mlango na kukaa na ufunguo. Aliuomba ufunguo mara nyingi. Ireen hakuutoa. Ziwa lilipofunguliwa, na boti zikaanza kushuka majini na injini kuja zikikohoa, gitaa lilikuwa tayari. Lloyd alipiga Jumapili nzima, ibada mbili, na akatoka kanisani akifungua na kukunja kiganja kama asiyeamini.

Wiki chache baadaye, siku ya soko, Débora alipita karakana na gunia lake la unga. Alisikia, alisema, kwamba papa Lloyd amepata lingine. Lloyd akamfungia mkanda mwenyewe. Débora alipitisha kidole gumba nyuma ya shingo, na safari hii hakuguna. Akapiga kidogo. Akapiga zaidi. Fundi mwingine karibu alizima injini aliyokuwa akiijaribu.

"Hili linapita langu," Débora alisema hatimaye. "Jepesi. Na sauti yake iko na tumbo." Akamtazama. "Tubadilishane. Weye ulikuwa unalia juu ya lile. Kesho nakuletea."

Lloyd alifungua mdomo aseme ndiyo. Neno hilo alilitafuta tangu Mantapala, aliliota, lilimwangusha kwenye tope. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwenda wenyewe, ukashika shingo ya gitaa lile jeupe la fundo jeusi, na haukulifinya.

"Hapana, mama," alisema. "Hili limekwisha kunizoea."

Débora alicheka taratibu, bila kinyongo. Alilivua, akamrudishia, akajitwika gunia lake na kushuka kuelekea sokoni. Lloyd alibaki mlangoni akimtazama mpaka alipopotea kati ya meza za samaki. Alirudi ndani, akakaa. Kisha akainuka, akaenda tena mlangoni, akatazama ile njia, hajui kama amekosea au la. Nyuma yake mvuvi alikuwa akiuliza lini injini yake itakuwa tayari.