Jina Nililolitamka Jukwaani

Keziah tulimzika Oktoba iliyopita. Naandika haya kwa sababu yeye hakuwahi kuyasema, na ukimya wake ulinifaa mimi.

Mwaka 1830, hapa Bristol, kura ilikuwa ya waungwana wa mji, yaani walioandikishwa kuwa na haki za mji, hata wakiwa mafundi tu. Mimi sikuwa mmoja wao; nilikuwa mchemshaji katika kiwanda cha sukari cha Bwana Garlick. Lakini marehemu baba yake Keziah, msokota kamba, alikuwa muungwana, na kwa desturi yetu anayemwoa binti wa muungwana huupata uungwana kupitia kwake. Uchaguzi ukikaribia, harusi zilifuatana makanisani.

"Unanioa mimi au unaioa kura?" Keziah aliniuliza.

"Nakuoa wewe. Kura umekuja nayo tu, kama sufuria zako."

"Basi sufuria zangu napikia nitakacho. Kura hiyo ni ya baba. Mpe Selwood."

Selwood alitaka watumwa wa mashamba ya miwa waachiliwe. Mpinzani wake, Pym, alikuwa mtu wa wenye mashamba. Kwa ajili ya watumwa hao, Keziah hakuwa ameonja sukari tangu utotoni. Nikaahidi.

Enzi hizo ulipanda jukwaani, ukataja jina mbele ya umati, karani akaandika. Bwana Garlick alisimama chini, mikono nyuma, akitutazama wachemshaji mmoja mmoja. Alinitikisia kichwa tu, kama anayemsalimu jirani.

"Amos Tovey, unampa nani?" karani aliuliza.

"Pym."

"Hatusikii!"

"Pym!"

Baada ya majuma mawili kitabu cha kura kilichapwa, kila jina na aliyempa. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, Hester Lugg alimsimamisha Keziah. Walikuwa wakizunguka pamoja nyumba kwa nyumba kukusanya saini za kupinga utumwa.

"Shoga, mumeo kawapa wenye mijeledi kura ya marehemu! Mwambie aseme mwenyewe, mdomo si anao?"

Nilikuwa palepale, kofia mkononi.

"Mwache mume wangu," Keziah alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Tunakula kwa sukari, Hester."

"Wewe?"

"Mimi."

Hester hakukanyaga tena kwetu, wala wenzake. Mchana ule Keziah alikata mkate, akanipa kipande cha kwanza, nami nikala. Sikusema kitu siku hiyo, wala kesho yake, wala kwa miaka arobaini na mitatu. Binti zetu walikua wakiamini mama yao aligeuka.

Februari hii tumepiga kura kwa sheria mpya: kibanda, karatasi, penseli. Niliweka alama, nikakunja, nikatumbukiza. Hakuna aliyenitazama.

"Selwood!" nikasema kwa sauti.

Karani aliinua macho. "Mzee, siku hizi jina halitajwi. Ni siri."

"Selwood! Kura ya Keziah!"

"Na huyo hayumo kwenye karatasi, babu. Tafadhali, wenzako wanangoja."

Nje, binti yangu Lydia alikuwa amenishikia mwavuli.

"Kelele za nini mle ndani, baba?"

"Mzee mmoja tu. Amechanganyikiwa."

Alinishika mkono tukaenda. Karatasi hii ninayoiandika nitaiweka ndani ya kitabu kile cha kura, ambacho bado ninacho, kwenye ukurasa wenye jina langu. Lydia ndiye atakayerithi vitabu.